Mfereji wa Inchi na Mfereji wa Milimita

Mwenye kutaka bomba la nusu inchi akienda dukani siku hizi hupewa bomba la plastiki lililopigwa chapa ya tarakimu 20. Akiuliza sababu, huambiwa kwamba 20 ndiyo nusu inchi ya sasa, na 25 ni robo tatu, na 32 ni inchi nzima. Hulipa akaenda zake. Jawabu lile si uongo, walakini si kweli yote, na sehemu ya kweli iliyoachwa yaweza kumgharimu mtu ukuta wa nyumba yake.

Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, ndivyo zilivyopatana nchi kubwa zinazosema Kiingereza mwaka 1959. Kwa hisabati ya skuli, basi, nusu yake ni milimita 12.7. Lakini atwaaye rula akapima bomba la chuma liitwalo nusu inchi hataiona 12.7 mahali popote. Upana wake wa nje ni milimita 21.3. Uwazi wake wa ndani, kwa bomba la unene wa kati, ni kama milimita 16. Nusu inchi imo katika jina tu, kama mtu aitwaye Kijana hali ana wajukuu.

Jina hili lilikuwa na maana lilipoanza. Mabomba ya chuma ya awali yalikuwa na kuta nene, na nusu inchi ilikuwa kipimo cha uwazi wa ndani, yaani njia ya maji. Baadaye viwanda vilijua kutengeneza chuma bora zaidi, na kuta zikaweza kupunguzwa. Zipunguzwe upande gani? Upande wa nje haukuweza kuguswa, kwa kuwa huko ndiko hukatwa hesi, na hesi ya bomba jipya sharti iingie katika soketi ya bomba la zamani. Kwa hiyo walipunguza ndani. Uwazi ukakua, jina likabaki lilivyokuwa, na mafundi waliofuata wakalirithi pasipo kuuliza.

Plastiki ina desturi nyingine. Jina lake ni kipimo cha nje, wala halina fumbo: lililoandikwa 20 ni milimita 20 kwa nje. Fumbo liko ndani. Bomba la plastiki ngumu linaloungwa kwa moto, ambalo limeenea sana majumbani, huwa na ukuta mnene ili listahimili nguvu ya maji. Katika aina nene iliyozoeleka, ukuta wa bomba la 20 ni milimita 3.4, ukitoa ukuta wa huku na wa huku, uwazi unaobaki ni milimita 13.2. Atakayelinganisha mraba wa 13.2 na mraba wa 16 ataona kwamba bomba jipya lina kiasi cha theluthi mbili tu ya njia iliyokuwamo katika lile la kale. Bomba la 25, ambalo muuza duka huliita robo tatu, lina ukuta wa milimita 4.2 na uwazi wa 16.6. Hilo ndilo ndugu wa kweli wa nusu inchi ya chuma. Vivyo hivyo lile la 32, liitwalo inchi nzima, lina uwazi wa milimita 21.2, ambao kwa hakika unakaribiana na robo tatu ya chuma. Kila moja limepandishwa cheo daraja moja kuliko linavyostahili.

Muuza duka ana utetezi wake, na si haki kumnyima. Bomba la chuma lililokaa ukutani miaka 60 halina tena uwazi wa milimita 16. Zinki iliyopakwa ndani yake imekwisha liwa, kutu imeota vichuguu, na maji ya Unguja, yatokayo katika miamba ya chokaa, yamejenga magamba juu ya kutu hiyo. Mara nyingine tundu lililosalia halipitishi hata kalamu. Kwa mtu aliyezoea maji ya bomba kama hilo, hata 20 ni neema. Lakini neema hiyo ni ya ghorofa ya chini. Anayekaa juu, ambako maji hupanda kwa shida, theluthi moja iliyopotea ndiyo ndoo yake ya alfajiri.

Jambo linaloziwezesha dunia hizi mbili kukutana ni hesi. Hesi ya mabomba ya Kiingereza ni ya ukoo wa Joseph Whitworth, mhandisi aliyependekeza mwaka 1841 kwamba hesi za nchi yake ziwe za kipimo kimoja, na meno yake yawe ya pembe ya nyuzi 55. Bomba la nusu inchi lina meno 14 katika kila inchi ya urefu. La robo tatu vivyo hivyo. La inchi moja lina 11. Ajabu ni kwamba nchi za meta hazikuiacha. Mjerumani na Mfaransa, ambao watoto wao hawafundishwi inchi, koki zao zina hesi hii hii, na viwango vya kimataifa vimeiandika kwa jina lake la inchi. Kwa sababu hiyo kiungo cha plastiki kina sura mbili: upande mmoja ni tundu laini la milimita, ambamo bomba huyeyushwa likashikana nalo, upande wa pili ni shaba ya manjano iliyokatwa hesi ya Whitworth. Juu yake imeandikwa 20 kwa nusu, au 25 kwa nusu, au 25 kwa robo tatu. Kifaa hicho ni mkalimani, na kama wakalimani wote, hulaumiwa kwa ugomvi wa pande mbili.

Yafaa kumtahadharisha msomaji juu ya hesi ya Kimarekani. Hiyo nayo ina meno 14 katika nusu inchi na robo tatu, lakini pembe yake ni nyuzi 60. Kifaa kilichotoka huko huingia katika soketi ya Kiingereza mizunguko miwili mitatu kwa upole kabisa, kisha hukaza. Fundi mgeni hufurahi kuona imekaza. Haikukaza, imekwama, na maji yatapita katika kijia kile kilichobaki baina ya meno na meno.

Wala Waingereza wenyewe hawakusalimika. Walipohamisha mabomba yao ya shaba katika vipimo vya meta, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nusu inchi yao iliingia katika kiungo cha milimita 15 bila taabu, maana bomba la zamani lilikuwa na upana wa nje unaokaribia 15. Robo tatu ilikataa. Kiungo kipya kilikuwa cha milimita 22, na bomba la zamani likacheza ndani yake kwa kiasi cha nusu milimita, hata ikabidi kutengeneza pete maalumu za kuziba nafasi hiyo. Mpaka leo fundi wa London anayefungua sakafu ya nyumba ya zamani hupima kwanza ndipo anunue.

Unguja ilijua maji ya mfereji mapema. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi zilizo nje ya mji, na watu waliokuwa wakiteka visimani wakaanza kuteka mferejini. Neno hilo limebaki. Bara husema bomba, Mji Mkongwe husema mfereji, na fundi wake ni fundi mifereji. Baadaye, katika zama za himaya ya Kiingereza, mabomba ya inchi yalipandishwa majumbani, yakapita katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo zilikuwa zimejengwa kwa dhiraa na shibiri. Upana wa vyumba vyake ulikwisha amuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Hata inchi, basi, ilikuwa mgeni katika nyumba hizo, na mgeni huyo alikaa kabla ya kuja huyu wa pili.

Katika nyumba moja ya namna hiyo aliishi mjane mwenye umri mkubwa pamoja na wajukuu wake. Mwanawe yuko Maskati, naye ndiye aliyekuwa akipeleka fedha za matengenezo. Miaka michache nyuma fundi mmoja alikata bomba la kale ndani ya ukuta wa ghorofa ya kwanza, akaunga plastiki ya 20 kwa tepu nyeupe, akaziba kwa saruji na kupaka rangi. Kazi ilionekana safi. Maji ya juu yalipungua, lakini wakasema ni mgao. Kisha likatokea doa, kubwa kama sinia, chini kidogo ya mahali boriti zinapoingia ukutani. Lilipakwa rangi mara mbili, na mara mbili likarudi.

Fundi mwingine aliitwa, mtu wa makamo, pamoja na kijana anayejifunza kwake. Alibandika kiganja chake juu ya doa, akakaa kimya kidogo.

"Bi Mkubwa," akasema, "ukuta huu unakunywa kabla yako."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu ulipopakwa rangi."

Watu wa mji huo hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Chokaa ikiloa siku zote hulegea, na udongo uliomo baina ya mawe huwa kama unga uliotiwa maji. Ncha ya boriti iliyomo ukutani huoza kwa ndani, ambako jicho halifiki, na juu ya boriti kuna sakafu ya mawe na chokaa yenye uzito mkubwa, na juu ya sakafu wamelala watoto. Kiungo cha bei ya kikombe cha kahawa chaweza kuishusha dari nzima.

Mwana wa Maskati aliposimuliwa katika simu aliamuru chuma chote king'olewe, kiwekwe kipya toka mtaani hata darini. Ni amri ya mtu anayempenda mama yake na aliye mbali na ukuta. Kuling'oa bomba lililoshikwa na mawe ya matumbawe ni kuutikisa ukuta wote kwa patasi, na ukuta ulioloa hautaki kutikiswa. Fundi alishauri mambo matatu: bomba lililo ndani ya ukuta wa juu lizibwe na kuachwa humo likiwa limekufa, plastiki mpya ipite nje ya ukuta, upande wa ua, ambako kila mtu ataiona, na chuma kinachotoka mtaani hata kwenye kituo cha ngazi, ambacho kilikuwa kizima, kibaki. Palipobaki pa kuunga ni mahali pamoja tu. Bi Mkubwa alisikiliza, akauliza ni ipi itakayowaamsha wajukuu kwa kelele chache, akakubali.

Ukuta ulipofunguliwa, sababu ilionekana. Fundi wa kwanza alikuwa ameparafua hesi ya chuma ndani ya kiungo cha plastiki. Hesi ya nje ya bomba la chuma ni ya mwinamo: hunenepa kidogo kidogo, kiasi cha 1 kwa 16, ili kadiri inavyoingia ndivyo inavyokaza. Mwinamo huo ni kabari. Ukiusukuma ndani ya soketi ya chuma, chuma kitastahimili. Ukiusukuma ndani ya pete ya shaba iliyovaa plastiki, pete hupanuka, na plastiki inayoizunguka hupata ufa mwembamba kama unywele, au pete yenyewe huzunguka ndani ya plastiki na kuacha kushika. Haivuji siku hiyo, wala labda mwezi huo.

Fundi aligeuza mambo. Alitaka soketi iwe ya chuma, na kitu kinachoingia kiwe hesi ya shaba ya kiungo cha plastiki, ili nguvu ya kukaza iangukie chuma. Kabla ya hapo alitafuta chuma kizima kiko wapi. Hakuanza na spana bali na nyundo ndogo, akigonga taratibu na kusikiliza, maana bomba lenye ukuta hulia, na lililoliwa na kutu hujibu kama ubao. Kijana alishangaa kuona kazi ya mikono inaanza kwa sikio. Walipofika penye soketi ya zamani kwenye kituo cha ngazi, fundi alimtaka kijana ashike bomba la chini kwa spana ya pili na asiache litikisike hata kidogo, kwa kuwa nguvu anayoitia mtu juu hushuka chini, ikavunja hesi iliyochoka mahali pengine ndani ya ukuta, na hapo mwenye kuunga kiungo kimoja atakuwa amefungua viwili. Walipaka mafuta, wakasubiri, wakajaribu, wakapaka tena. Nusu ya siku ilipita katika kusubiri, na jambo hilo halionekani katika hesabu ya ujira.

Soketi ilipofunguka, meno yake yalisafishwa kwa brashi ya waya. Juu ya hesi ya shaba fundi alizungusha nyuzi za katani, akianzia nchani na kufuata upande ambao kiungo kitakazwa, ili kukaza kuzidi kuzifunga wala kusizikunjue. Akapaka dawa ya kuungia juu yake. Kijana alitoa tepu mfukoni, ndiyo aliyoizoea. Tepu si mbaya penye hesi mpya, lakini meno ya kale yana vishimo, na katani huloa maji ikavimba na kuvijaza. Tepu haivimbi. Naye aliacha kukaza mapema kuliko alivyotarajia kijana, mizunguko kadhaa kwa mkono na mwingine zaidi kidogo kwa spana, akasema kwamba kiungo cha shaba hakikazwi kwa hasira.

Upande wa pili plastiki iliunganishwa kwa moto. Mashine hupashwa hata kufikia nyuzi kama 260. Bomba na kiungo vikashikwa juu yake pamoja, sekunde 5 kwa bomba la 20, na 7 kwa la 25, kisha husukumwa moja ndani ya jingine pasipo kuzungushwa. Zikizidi sekunde, plastiki iliyoyeyuka hujaa ndani na kuziba njia. Zikipungua, hushikana kwa uso tu. Kazi hiyo ilifanywa mezani, kabla ya kuparafuliwa, ili joto lisiifikie katani. Baina ya chuma na plastiki iliwekwa yunioni, kwa sababu plastiki iliyokwisha shikana haiwezi kuzungushwa tena, na pasipo yunioni atakayetaka kufungua siku za mbele hana budi kukata.

Bomba walilochagua lilikuwa la 25, na kiungo cha 25 kwa nusu. Muuza duka aliwaambia wamekosea, kwamba nusu inchi huenda na 20. Kijana aliinama akachungulia ndani ya bomba, kisha ndani ya soketi, akalipa. Upande wa ua lilifungwa kwa vishikio vilegevu, kwa maana plastiki hurefuka kwa joto: meta 10 zikipata nyuzi 20 zaidi ya asubuhi, huongezeka kiasi cha milimita 30, na chuma hakijui mchezo huo. Palipopigwa na jua palifunikwa, kwani jua hulikausha na kulivunjavunja. Maji yakafunguliwa jioni, na karatasi kavu ya gazeti ikawekwa chini ya kila kiungo mpaka asubuhi.

Karatasi zilikuwa kavu. Hata hivyo ncha mbili za boriti zilikwisha oza, na fedha iliyokuwa imetengwa kwa tangi jipya la darini ikanunua boriti na ujira wa seremala. Mwana wa Maskati alitaka kujua kwa nini mama yake hana tangi baada ya fedha yote ile. Bi Mkubwa alimjibu kwamba tangi litakaa juu ya boriti, wala boriti haikai juu ya tangi.

Ukuta ulipofungwa kwa chokaa, si saruji, mahali pa kiungo paliachwa wazi, na kijana akataka kupapaka rangi pafanane na pengine. Fundi alimzuia. Alichukua penseli ya seremala, akaandika ukutani kando ya yunioni: chini, "chuma, nusu", juu, "plastiki, 25, uwazi 16.6", na tarehe. Jina lake hakuliandika. Wajukuu, waliokwenda skuli kujifunza meta, waliuliza hiyo nusu ni nusu ya nini, naye akawapa rula wapime wenyewe.